Taarifa za Mstaafu Zikiibwa Ofisini: Jinsi ya Kujilinda na Kuidai Serikali Majibu

Mstaafu akisikia kwamba kompyuta au jalada lenye taarifa zake limeibwa katika ofisi ya serikali, jibu la kwanza analopewa dirishani huwa ni kwamba asiwe na wasiwasi, suala linashughulikiwa. Hapewi tarehe, hatajiwi jina la anayelishughulikia, wala haambiwi ni kipi hasa kilichochukuliwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya askari wastaafu na wastaafu wengine wa umma wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Nyamagana na Ilemela hadi Magu, Sengerema na Ukerewe, na pia kwa watoto na wajukuu ambao ndio hushika simu za wazee wao. Unahusu kazi mbili zinazofuatana: kwanza kuziba njia ambazo mwizi anaweza kuzitumia wiki hii, kisha kuidai ofisi majibu kwa karatasi.

Watu wengi huanza na kazi ya pili, kwa sababu hasira ndiyo iliyo karibu, na hasira hiyo ina msingi. Mzee aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 hakuchagua kuikabidhi serikali tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake ya jeshi, majina ya mke na watoto, namba ya akaunti, alama za vidole na ripoti ya daktari kuhusu jeraha alilorudi nalo. Bila kuvitoa hivyo vyote asingelipwa. Anapokuja kuambiwa kwamba vimepotea, halafu akatakiwa yeye huyo huyo arudi kuhakikiwa upya, avuke maji kutoka Nansio kwa nauli yake na alale Mwanza kwa ndugu kwa kuwa siku hiyo mtandao unasumbua, ana kila haki ya kukasirika. Ila ofisini hasira haifunguliwi jalada, barua iliyogongwa muhuri ndiyo hufunguliwa.

Kilichowapata askari wastaafu wa Marekani

Tarehe 3 Mei 2006, wezi walivunja nyumba ya mchambuzi wa takwimu wa Idara ya Masuala ya Askari Wastaafu ya Marekani, katika jimbo la Maryland, wakaondoka na kompyuta mpakato na diski ya kuhifadhia mafaili. Mtumishi huyo alikuwa na mazoea ya kwenda na kazi nyumbani. Katika vifaa hivyo mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao milioni 26.5, wengi wao wakiwa askari waliokwisha kuacha jeshi, na baadaye ikabainika kwamba walikuwamo pia askari waliokuwa bado kazini. Taarifa hazikuwa zimefungwa kwa namna ya kumzuia mwizi asizisome. Wakubwa wa karibu wa mtumishi huyo walijua mapema, lakini waziri mwenye dhamana, Jim Nicholson, alijulishwa tarehe 16 Mei, na wenye taarifa zao wakatangaziwa tarehe 22 Mei. Kwa siku 19 mamilioni ya watu walikuwa hatarini bila kujua, huku waliokuwa wakijua wakipeana memo.

Vifaa vilipatikana mwishoni mwa Juni, na FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ikasema haikuona dalili kwamba mafaili yalifunguliwa. Serikali, iliyokuwa imeahidi kuwalipia wahusika huduma ya mwaka mmoja ya kufuatilia kama kuna mtu anayekopa kwa majina yao, ikaiondoa ahadi hiyo. Wakati huo vyama vya askari wastaafu vilikuwa vimekwisha kwenda mahakamani, na mwaka 2009 serikali ikakubali kutoa dola milioni 20 ili kulimaliza shauri. Msomaji wa Mwanza na asome hapa polepole, kwa sababu fedha hizo hazikugawanywa kwa kila aliyekasirika. Waliostahili kulipwa ni walioweza kuonyesha madhara, kwa mfano gharama walizoingia ili kujilinda, au msongo uliowaletea dalili za maradhi, na kila mmoja wao alistahili kati ya dola 75 na dola 1,500.

Kwa hiyo hatua ya awali kabisa ni kununua kauntabuku na bahasha kubwa. Katika kauntabuku andika tarehe na saa uliyopata habari, aliyekupa, ofisi uliyokwenda, jina au cheo cha uliyezungumza naye, na alichokujibu kwa maneno yake mwenyewe. Katika bahasha weka tiketi ya kivuko, risiti ya benki, gharama za kutoa nakala, na kila kitu kilichokutoa fedha kwa sababu ya wizi huo. Kondakta wa daladala hatoi risiti, lakini nauli iliyoandikwa siku hiyo hiyo kwa kalamu ina uzito kuliko ile inayokumbukwa mbele ya wakili mwaka unaofuata.

Wiki ya kwanza: laini ya simu

Mwizi mwenye taarifa za mstaafu hana haja ya kuja nyumbani, kwa kuwa njia yake fupi ni simu, na simu ya mstaafu ndiyo inayopokea ujumbe wa pensheni, imeunganishwa na benki na imesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Maana yake ni kwamba mtu aliyeiona namba yako ya NIDA ameiona pia tarehe yako ya kuzaliwa, na wazee wengi, pamoja na vijana wanaowafungulia akaunti, hutumia mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya fedha za simuni na ya kadi ya benki. Badilisha namba ya siri leo, kabla ya kumaliza kusoma. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wala mwaka wa kuingia jeshini, wala mwaka wa kustaafu, kwa sababu yote hiyo imo katika jalada lililoibwa.

Kisha piga *106# na ufuate maelekezo yanayojitokeza ili uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta namba usiyoitambua, usiipigie kumwuliza mwenyewe ni nani. Nenda na kitambulisho chako katika duka la huduma la mtandao unaohusika, uikane namba hiyo ili ifungwe, na uandike katika kauntabuku tarehe uliyofanya hivyo na jina la aliyekuhudumia. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kutapeli watu, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kutafutwa na polisi.

Hatari kubwa zaidi ni mtu kwenda kuirudisha laini yako kwa kujifanya wewe. Dalili yake ni kwamba simu inakosa mtandao ghafla na hairudi. Visiwani, kwa mfano Ukerewe au Kome, mtandao huja na kuondoka wenyewe, kwa hiyo usishtuke mapema mno; linganisha na simu ya jirani anayetumia mtandao huo huo. Ikiwa ya kwake inashika na yako imekufa, azima simu, piga 100 kwa huduma kwa wateja, uombe laini na akaunti yako ya fedha vifungwe hadi utakapofika mwenyewe. Kisha ijulishe benki siku hiyo hiyo.

Simu za matapeli zinahitaji maelezo ya ziada, kwa sababu baada ya wizi wa taarifa huwa zinabadilika sauti. Tapeli wa kawaida hubahatisha: anatuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa watu elfu moja akitumaini kumpata mmoja. Tapeli mwenye jalada lako habahatishi. Anaanza na "Shikamoo mzee wangu," anakutaja majina matatu, anataja kikosi ulichostaafia na mwaka uliostaafu, anakupa pole ya mguu wako unaokusumbua, kisha anasema mapunjo yako ya pensheni yametoka Hazina na kilichobaki ni kuthibitisha akaunti kwa kumsomea namba zitakazoingia kwenye simu yako sasa hivi. Mzee aliyelelewa katika nidhamu ya jeshi humwamini mtu anayekijua kikosi chake. Katika familia yenu wekeni kanuni moja tu, ambayo hata aliyechoka anaweza kuikumbuka: mtu anayezijua habari zako haimaanishi ametumwa na ofisi, na namba zinazoingia kwenye simu hazisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mkurugenzi. Jibu linalotosha ni "Afande, nitakuja ofisini mwenyewe," kisha simu ikakatwa. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli, na usiufute kwenye simu yako, kwani ni kielelezo.

Wiki ya kwanza: benki na mikopo

Benki nenda kwa miguu yako, usitume mtu. Eleza kwamba taarifa zako zimeibwa katika ofisi fulani, omba akaunti iwekewe tahadhari, omba ujumbe wa simu kwa kila fedha inayotoka, na uulize kama kuna mkopo wowote ulioombwa kwa jina lako. Mkopo wa mstaafu hukatwa moja kwa moja kwenye pensheni, na mtu anaweza kukaa miezi kadhaa akidhani makato ni ya bima au ni kosa la kompyuta. Unaweza pia kuomba ripoti yako ya mikopo kutoka kwa kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kwa mfano Creditinfo Tanzania; humo huonekana mikopo ya benki na taasisi rasmi. Mikopo ya mitaani, ile inayoitwa kausha damu, haionekani humo.

Na kwa kuwa kausha damu imetajwa, kuna jambo ambalo wazee hawapendi kulisikia. Mstaafu aliyeweka kadi yake ya benki rehani kwa mkopeshaji wa mtaani, pamoja na namba ya siri iliyoandikwa nyuma ya bahasha, atapata tabu kubwa kuthibitisha kwamba fedha zilizotoka zilitokana na wizi wa ofisini. Wakili wa upande wa pili ataanza na kadi hiyo. Kabla ya kuidai serikali, irudishe kadi mkononi mwako, au iombee benki kadi mpya.

Polisi wanafikiwa mapema pia, lakini kwa lengo mahususi. Usiende kuripoti kwamba ofisi imeibiwa, kwa sababu hilo ni la ofisi yenyewe kuripoti. Nenda uripoti kilichokupata wewe: laini iliyosajiliwa kwa jina lako, fedha zilizochukuliwa, au mtu aliyejifanya wewe, kosa linalotajwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usiondoke bila RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, kwa kuwa benki na mitandao ya simu wataiuliza.

Barua ya kudai majibu

Tangu tarehe 1 Mei 2023, Tanzania inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022. Sheria hiyo inaihusu serikali kama inavyozihusu kampuni binafsi. Inamtaka mkusanyaji wa taarifa azilinde zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika, na usalama wake ukivunjwa aijulishe mapema Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chombo kilichozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kwa upande wako, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinavyotumika, kupata nakala, na kudai zirekebishwe. Alama za vidole na taarifa za afya ni taarifa nyeti, zenye ulinzi mkali zaidi. Yote hayo yameota juu ya ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977, inayolinda faragha ya mtu.

Zingatia kwamba wajibu wa kutoa habari za uvunjaji unaelekezwa kwanza kwa Tume. Ukikaa ukisubiri barua ije kwako yenyewe, unaweza kusubiri sana. Andika wewe. Barua iwe ukurasa mmoja, ielekezwe kwa mkuu wa taasisi, si kwa mtu wa dirishani, na nakala iende kwa afisa ulinzi wa taarifa binafsi wa taasisi hiyo. Mfano wake ni huu:

*YAH: KUOMBA MAELEZO KUHUSU WIZI WA TAARIFA ZANGU BINAFSI*

*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mstaafu ninayehudumiwa na ofisi yako. Nimepata habari kwamba vifaa vyenye taarifa za wastaafu vimeibwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba kujulishwa kwa maandishi: taarifa zangu zipi zilikuwa katika vifaa hivyo, wizi ulitokea lini na ofisi iligundua lini, kama taarifa zilikuwa zimefungwa kwa nywila au kusimbwa (kugeuzwa zisisomeke bila ufunguo), kama Tume imejulishwa, na kwa tarehe ipi, na ofisi inafanya nini kunikinga na madhara. Naomba pia ofisi ithibitishe kwamba malipo yangu hayatasimamishwa wala sitahakikiwa upya kwa gharama yangu kwa sababu ya tukio hili. Nitashukuru kupata majibu ndani ya siku 14.*

Chini andika jina, namba ya pensheni na namba ya simu, basi. Namba ya NIDA usiiandike, wala usiambatishe nakala ya kitambulisho. Ni kichekesho kulalamikia wizi wa nakala kwa kupeleka nakala nyingine. Wakisisitiza kwamba lazima waione, waonyeshe kitambulisho chenyewe, na ikibidi nakala iachwe, andika kwa kalamu katikati ya nakala hiyo, juu ya picha na maandishi, kwamba ni kwa matumizi ya ofisi hiyo tu, pamoja na tarehe.

Barua ipelekwe masjala katika nakala mbili. Nakala moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa tarehe, na inarudi nawe. Karani akisema muhuri umefungiwa na bosi yuko safarini, mwombe aandike kwa mkono "imepokelewa," jina lake na tarehe, au asaini katika kauntabuku yako. Usiiache barua mezani kwa mtu kwa ahadi kwamba ataifikisha. Kwa mtu wa mbali, EMS ya posta inatosha, mradi atunze stakabadhi.

Sababu za kukataliwa majibu zinafahamika. Moja ni kwamba suala liko chini ya uchunguzi, na hiyo inaweza kuwa kweli kuhusu nani aliiba, lakini haimzuii mtu kuambiwa ni taarifa zake zipi zilizokuwamo. Nyingine, ambayo askari wastaafu husikia zaidi, ni usalama wa taifa. Ni kweli sheria ina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, na askari anaelewa kuliko raia kwamba si kila jambo linasemwa. Kwa sababu hiyo usiulize habari za kikosi, za silaha au za wenzako. Uliza kuhusu jina lako, akaunti yako na namba yako ya simu. Ukilibana swali namna hiyo, msamaha huo unakuwa mwembamba sana.

Kumbuka pia kwamba taarifa za mstaafu mmoja huwa ziko zaidi ya mahali pamoja. Askari wastaafu wamezoea kulipwa na Hazina, ilhali watumishi wengine wa umma wako katika PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Na nje ya hizo kuna halmashauri, hospitali, benki na chama chenu wenyewe. Kabla ya kuilaumu ofisi moja, hakikisha ndiyo yenye vifaa vilivyoibwa. Ofisi nyingine hupoteza taarifa bila mwizi kuvunja mlango. Nunua karanga mtaani, Kirumba au Igoma, kisha ikunjue ile karatasi iliyosokotwa kuzifunga: mara ni mtihani wa darasa la nne, mara ni fomu ya ofisi iliyojazwa kwa mkono, yenye jina, namba ya simu, kijiji na dole gumba la wino wa zambarau lililoanza kuchujuka kwa mafuta. Ukikutana na ya namna hiyo, usiipige picha kuitupa mitandaoni. Ihifadhi, andika ulikoipata na tarehe, na uiambatishe katika malalamiko.

Majibu yasipokuja

Siku ulizozitaja zikipita kimya, andika barua ya kukumbusha, fupi kuliko ya kwanza, yenye rejea ya tarehe na muhuri wa ile ya awali. Kukumbusha mara moja kunatosha, kwa maana anayekumbusha mara tano anaizoeza ofisi kutojibu. Baada ya hapo peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye makao yake makuu Dodoma na inayofikika pia kupitia tovuti yake. Ambatisha nakala za barua zote mbili, kurasa zinazohusika za kauntabuku, RB kama unayo, na orodha ya gharama. Sheria inaipa Tume siku 90 za kuchunguza, muda ambao unaweza kuongezwa, na ikiridhika kwamba sheria imekiukwa inaweza kuagiza marekebisho, kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 100, na kuagiza mwathirika alipwe fidia. Faini haiingii mfukoni mwako. Kama unataka fidia, iombe waziwazi na uonyeshe ilivyokokotolewa.

Ikiwa lalamiko lako linahusu zaidi namna ulivyotendewa, yaani kuzungushwa, kudharauliwa au kusimamishiwa malipo bila maelezo, basi Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na ina ofisi hapa Mwanza. Hakuna ubaya kuandika kote kuwili, mradi kila barua iseme jambo lake.

Mahakama ni njia ndefu. Kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, kwa hiyo hapo usiende bila wakili. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Maofisa ustawi wa jamii wa wilaya huweza kukuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa.

Mkiwa kikundi

Wastaafu kumi wenye barua kumi zinazofanana husikilizwa kuliko kumi wanaoongea kwa pamoja ukumbini, na kama mambo yatafika mahakamani, sheria ya mwenendo wa madai inaruhusu wachache kuwawakilisha wengi kwa idhini ya mahakama. Chagueni watu wawili wa kufuatilia, mmoja anayeandika vizuri na mwingine asiyechoka kusubiri kwenye benchi. Uwezo huo wa pili ni adimu kuliko wa kwanza.

Vikundi vingi vinajiumiza vyenyewe katika orodha. Katibu anapitisha karatasi yenye jina, simu, namba ya NIDA, akaunti na saini, kisha anaipiga picha na kuiweka katika kundi la WhatsApp lenye watu 200 ili wanachama wahakiki majina yao, na kwa hatua hiyo kikundi kinakuwa kimefanya kile kile kinachokilalamikia. Daftari la kikundi liwe na jina na namba ya simu tu. Vielelezo vya kila mtu vikae kwake mwenyewe, vipelekwe na yeye pale vitakapohitajika. Mwanachama asiyeweza kutembea amwandikie mwanawe au mwenzake barua ya uwakilishi, ishuhudiwe na mwenyekiti wa mtaa, na itaje jambo moja linaloruhusiwa, ambalo ni kufuatilia suala la taarifa zilizoibwa. Barua inayosema "anishughulikie mambo yangu yote" isitolewe hata kwa mtoto wa kumzaa.

Wajane na wagane wasiachwe nyuma. Majina yao yamo katika majalada hayo hayo, na matapeli hupenda sana laini ya marehemu ambayo bado iko hewani pamoja na akaunti ambayo bado haijafungwa. Familia iliyofiwa ipeleke cheti cha kifo katika ofisi inayolipa pensheni, benki na mtandao wa simu, na pale penye habari za wizi iandike barua ile ile ya kudai majibu kwa jina la msimamizi wa mirathi, ikiambatisha nakala ya uteuzi wake kutoka mahakamani. Katika barua hiyo sentensi ya kuhakikiwa upya iondolewe, na mahali pake iandikwe swali la kama kuna mtu yeyote aliyekwisha kufika ofisini kudai mafao ya mirathi kwa jina la marehemu.